Gunia la Pili

Tulipoachana wiki jana, Wakiuru alikuwa ameinua upawa ampakulie mtu wa arobaini kwenye foleni, na Mzee Ngugi, aliyekuwa wa kwanza kupakuliwa, alikuwa anainuka kwenye benchi kama mtu aliyeitwa nje. Hakuna aliyekuwa amemwita. Alipiga hatua mbili, akaanguka kifudifudi kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa.

Kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyesogea. Kisha mkewe alipiga magoti, akamgeuza. Mate yalikuwa yanamtoka mzee mdomoni kama ya mtoto anayeota meno, na jasho lilimlowesha shati ilhali asubuhi hiyo Othaya ilikuwa na baridi ya kuvalia makoti mawili.

"Amekabwa na mahindi," mtu alisema.

"Hajakabwa," akajibu Kabura, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke mwembamba mwenye sauti isiyopanda hata siku moja. Alimfungua mzee jicho kwa kidole, akatazama. "Kila mtu aweke sahani chini. Saa hii."

Kwa wewe unayebisha hodi leo, nitakuambia kwa ufupi. Wakiuru, anayeitwa pia Mama Wamae, ni mama wa githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Kwa miaka ishirini na miwili aliwalisha makanga wa matatu na wapasua mawe pale stendi, mpaka kibanda chake na vya wenzake viling'olewa kupisha barabara. Wiki chache baadaye mvua ilishusha kilima, nyumba za watu zikazikwa, na familia thelathini zikahamia ukumbini. Ndipo Alpa, binti wa duka la nafaka mjini Nyeri, alipopata wazo. Badala ya kugawa unga kwa watu wasio na sufuria, aliwapa kazi wapishi wasio na vibanda. Mwenye njaa akala, na mpishi naye akapata riziki yake.

Wazo hilo sasa lilikuwa limelala sakafuni likitokwa na mate.

Mwanamke wa pili alitapika kabla hajafika mlangoni. Wa tatu alishika ukuta akasema haoni vizuri. Shukuru Mungu watoto walikuwa shuleni, kwa sababu saa tano walikula wazee na mama wenye watoto wachanga peke yao.

Moffat, msemaji wa waathiriwa, mwanamume aliyezika ndugu wawili kwenye matope yale, alikuja mpaka kwenye sufuria. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama Wamae, umetuwekea nini?"

"Mahindi. Maharagwe. Viazi. Chumvi," Wakiuru alijibu, na sauti yake mwenyewe ilimjia kama ya mtu mwingine.

"Basi kula."

Watu walikuwa wamemzunguka. Ni wale wale ambao jana walimwita mama yao. Wakiuru alichota githeri kwenye upawa, akaupeleka mdomoni, na kweli angekula, kwa sababu mtu aliyelisha watu miaka ishirini na miwili akiambiwa amewalisha sumu, hana kingine cha kulinda.

Kabura aliupiga ule upawa ukaruka mpaka ukutani.

"Na wewe ukilala chini, daktari ataniuliza mimi ulipika nini? Beba hiyo sufuria. Tunaenda nayo."

Pikapu ya majani ya chai iliyokuwa ikipita ilisimamishwa kwa nguvu. Wagonjwa walipakiwa juu ya magunia. Walikuwa kumi na mmoja walipoondoka ukumbini. Walipofika hospitalini walikuwa wamefika kumi na wanne.

* * *

Daktari Wendy alikuwa msichana wa juzi juzi, lakini mikono yake ilifanya kazi kama ya mtu wa miaka hamsini. Alipita kitanda hadi kitanda na tochi, na kila alipomulika jicho, uso wake ulizidi kukaza.

"Nani alipika?"

"Mimi," Wakiuru alisema. Alikuwa bado amekumbatia sufuria.

"Mama, hii si chakula imechacha. Macho yao imekuwa kama ncha ya sindano. Hii ni dawa ya shamba. Nimeanza kuwadunga, lakini sijui napigana na dawa gani. Ziko nyingi, na kila moja iko na tabia yake. Hawa wazee, nikikosea kidogo, nawapoteza. Mimi nataka jina. Nataka paketi."

"Hakuna dawa jikoni kwangu."

"Basi imetoka mahali."

Wakiuru aliketi kwenye benchi la korido, akaanza kurudi nyuma kitu kimoja kimoja. Maji yalitoka kwenye tangi la kanisa, na ukumbi mzima ulikuwa umeyanywa tangu alfajiri. Mahindi yalikuwa yale ya juzi. Viazi alivimenya kwa mkono wake. Chumvi ni chumvi.

Maharagwe ndiyo yalikuwa mapya. Gunia lilifunguliwa jana jioni, yakalowekwa usiku kucha kwa ajili ya leo.

Na alijua maharagwe yale yalipitia kwa nani.

Alpa aliingia saa sita kasoro dakika kumi, viatu vyake vikiwa na matope. Alikuwa njiani akileta mahindi alipopigiwa simu. Alisimama mlangoni mwa wodi, akatazama vitanda vyote, kisha akaja kuketi kando ya Wakiuru bila salamu.

"Afisa wa afya amenipigia," alisema. "Kuanzia kesho hakuna sufuria itawekwa motoni. Wapishi wote wanasimamishwa. Na wale walionichangia wameanza kunitumia ujumbe. Ati tumeua watu."

"Na walioko ukumbini watakula nini?"

"Sijui, Mama Wamae. Sijui." Alifumba macho, akafumbua. "Lakini maharagwe yalitoka kwangu yakiwa safi. Nilifunga gunia mimi mwenyewe. Yalipita kwa nani?"

Wakiuru alilijua jina hilo vizuri kuliko yeyote.

Yeye ndiye aliyemleta Wangechi. Wangechi, Mama Shiro kwa majirani, alikuwa mjane mwenye watoto watatu, muuza mandazi ambaye kibanda chake kilivunjwa asubuhi ile ile na cha Wakiuru. Hakuwa amebaki hata na sufuria. Alpa alisema nafasi za wapishi zimejaa. Wakiuru alimbembeleza, akamfuata hadi dukani Nyeri. Akasema apewe basi kazi ya kuchambua na kuosha maharagwe kabla hayajaja kwa wapishi, "nami nitasimama naye." Maneno yale yalikuwa yake. Nitasimama naye.

"Nipe dakika kumi na tano," alimwambia Alpa.

"Hao watu hawana dakika kumi na tano."

"Najua. Ndiyo maana usiniulize tena. Niache niende."

* * *

Wangechi aliishi kwenye chumba cha mabati chini ya soko, mahali ambapo maji ya mvua hupita mlangoni kabla ya kufika mtoni. Wakiuru hakubisha. Alimkuta ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua.

"Mama Wamae. Karibu. Umemaliza mapema leo."

"Mama Shiro, yale maharagwe ulinipa jana ilikuwa gani?"

"Ya Alpa. Kwani kuna ingine?"

"Watu kumi na wanne wako hospitali. Mzee Ngugi hajafungua macho."

Mikono ya Wangechi ilisimama juu ya ungo. Kisha ikaendelea, polepole, kama mikono ya mtu anayeogopa kuamsha kitu. "Labda ni maji. Ile tangi ya kanisa haioshwangi."

Wakiuru alisogea karibu. Alikuwa anatazama vidole vya Wangechi. Pembeni mwa kila ukucha palikuwa na rangi ya waridi, na Wangechi hakuwa mtu wa kupaka kucha rangi. Wakiuru alikuwa binti wa mkulima. Aliijua rangi ile. Ni ile wanayopaka mbegu, pamoja na dawa ya wadudu, ili mtu yeyote akiiona ajue zile ni za udongo na si za tumbo.

Lakini maharagwe aliyopewa yalikuwa ya wairimu, aina iliyo nyekundu tangu kuumbwa. Rangi hiyo ingejificha vizuri.

"Ulinipa mbegu," Wakiuru alisema.

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya mabati. Wangechi aliweka ungo chini.

"Niliosha mara tano, Mama Wamae. Naapa mbele ya Mungu. Mara tano, mpaka maji ikawa safi kama ya kunywa."

Wakiuru alishika kizingiti cha mlango. Angeweza kumpiga. Angeweza pia kulia, na hakujua ni lipi lililokuwa karibu zaidi.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na hizo mbegu za kupanda. Shamba nililokodi likabebwa na matope kabla sijatia hata moja. Zikabaki hapa, zinaniangalia." Wangechi alizungumza akitazama sakafu. "Nikasema yale ya Alpa nitapika madondo ya mchuzi niuzie wajenzi wa barabara. Kidogo tu. Nirudishe sufuria yangu motoni, nisiwe wa kuombewa kazi. Nikasema mbegu ikioshwa ni maharagwe tu."

"Daktari anataka paketi."

"Nilichoma."

"Mama Shiro."

"Nikikupa hiyo paketi nimejifunga mwenyewe. Watoto wangu nimwachie nani? Wewe uko na jina. Watu wakikulaumu, kesho watakusamehe. Mimi nani atanisamehe?"

"Mtu akifa leo, kesho hakuna wa kusamehe wala wa kusamehewa. Nipe."

"Nimesema nilichoma."

Simu ya Wakiuru ililia. Ilikuwa simu kuukuu, spika ya sikioni ilikuwa imekufa, kila aliyempigia alisikika na chumba kizima.

"Mama Wamae," sauti ya Kabura ilisema, "rudi haraka. Wamefika kumi na watano. Kuna cucu mmoja, mama mzee, tumemtoa nyuma ya ukumbi, alikuwa amejificha huko anatapika peke yake. Hayuko kwa orodha ya waathiriwa. Amekuwa akija kila siku kupanga foleni na wao. Anasema anaitwa Nyaguthii, wa ng'ambo ya mto, na anatusihi tusimwambie binti yake."

"Binti yake nani?"

"Hataki kusema. Anasema tu binti akisikia mama yake anaenda kuombaomba chakula ataaibika, na yeye ndiye anajua vile huyo binti amelemewa. Mama Wamae, huyu ndiye amezidiwa kuliko wote. Hata Mzee Ngugi ana nafuu."

Wakiuru aliinua macho.

Wangechi alikuwa amesimama. Hakuna rangi iliyobaki usoni mwake. Kila Jumapili alimpelekea mama yake kibaba cha unga ng'ambo ya mto, na kila Jumapili mama alikirudisha mkononi mwake. Peleka kwa watoto, mimi nishakula. Naye aliamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi.

Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda mpaka begani, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na paketi mbili kubwa tupu, kila moja ya kujaza gunia moja dogo, zimekunjwa vizuri, zenye picha ya haragwe na alama ya fuvu.

Hakuwa amechoma chochote. Maskini hachomi mfuko mzuri.

* * *

Walipanda mteremko wakikimbia, mvua ikiwachapa. Wangechi alianguka mara mbili, na mara zote mbili Wakiuru alimwinua kwa kwapa bila kumtazama.

Daktari Wendy alizipokea paketi, akasogeza moja dirishani, akasoma maandishi madogo midomo ikichezacheza. Kisha akaita muuguzi, akamtajia jina la dawa na kipimo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi ndefu.

"Afadhali. Sasa namjua adui." Akamgeukia Wangechi. "Wewe ndiye umeleta?"

"Mimi ndiye nimefanya," Wangechi alisema.

Alpa alisikia. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Alimtazama Wangechi kwa muda mrefu, akamtazama Wakiuru, na Wakiuru akaona kitu kikifungwa machoni mwa yule binti kama mlango wa duka jioni.

"Mama Wamae, ulisema utasimama naye."

"Nilisema."

"Basi simama."

Lilikuwa neno dogo, lakini Wakiuru alilihisi mgongoni kama gunia la kilo tisini.

Wangechi hakuwasubiri. Alikuwa ameshafika kitanda cha mwisho karibu na ukuta. Nyaguthii alikuwa amelala ubavu, mdogo kama msichana, mirija ikimwingia mkononi, kitambaa chake cha kichwa kimelowa. Alifungua jicho moja.

"Wangechi. Nani amekuita? Niliwaambia wasikuambie."

"Maitu. Mama yangu."

"Usikasirike. Ilikuwa githeri tu. Ile githeri ya yule mama ni tamu, nilikuwa nasema siku moja nikuletee kidogo." Alikohoa, akatulia. "Leo haikuwa tamu sana. Labda ni mdomo wangu."

Wangechi alianguka chini kando ya kitanda, akaweka paji la uso kwenye chuma baridi. Mkono wa mama yake, ule usio na mirija, ulimtafuta kichwa, ukampapasa. Mama hakujua kwamba alikuwa anambembeleza aliyemtilia sumu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Wakiuru aligeuka pembeni. Ndipo macho yake yalipotua kwenye meza ya daktari, kwenye zile paketi zilizonyooshwa kando kwa kando.

Mbili.

Alirudi kitandani, akamshika Wangechi bega.

"Mama Shiro. Ulibadilisha gunia ngapi?"

Wangechi hakuinua uso.

"Wangechi." Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote kumwita kwa jina. "Mimi nilipata moja. Niambie ulibadilisha ngapi."

"Mbili."

"Ya pili iko wapi?"

"Muriithi alichukua. Jana jioni."

Alpa alikuwa amesikia, na tayari alikuwa na simu sikioni. Muriithi, muuza chapati wa zamani, ndiye aliyewapikia wazee wa Tetu, wale wasio na watoto wa kuwatazama. Wazee sitini walimngojea kila siku kwenye kituo cha kuuzia maziwa, na saa ya kupakua ilikuwa saa saba kamili.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika ishirini na tano.

"Hapatikani," Alpa alisema. Akapiga tena. "Hapatikani. Yuko kule bondeni, hakuna mtandao."

"Kuna mtu mwingine huko unamjua?"

"Sina namba." Alikuwa anatafuta funguo za gari mfukoni. "Nitaendesha. Kwa mvua hii ni dakika arobaini. Mama, endelea kumpigia wewe."

Wakiuru alipiga mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu alitoka nje mvuani, akasimama juu ya ukingo wa bustani ya hospitali kana kwamba kuinuka nusu mita kungemfikisha Tetu. Mara ya nne simu iliita.

Ikaita. Ikaita.

"Mama Wamae," sauti ya Muriithi ilisema, yenye furaha, na nyuma yake zilisikika sauti nyingi za wazee wakizungumza. "Nilikuwa naenda kukupigia. Leo umebahatika kunipata, nimepanda kwa jiwe kutafuta mtandao."

"Muriithi, nisikize. Hiyo githeri..."

"Hata usiniambie. Mvua ilianza, wazee wakaja mapema, wamelowa, wanatetemeka. Nikaona si ubinadamu kuwaweka na njaa mpaka saa saba. Nimeshapakua. Wote sitini wako na sahani. Padri ndiye anamalizia kuomba."

Wakiuru aliishika simu kwa mikono miwili.

"Wanyang'anye. Muriithi, nenda uwanyang'anye sahani, mwaga sufuria, mtu asitie mdomoni. Ni sumu. Umenisikia? Maharagwe iko na sumu."

Simu ilikoroma. Sauti ya Muriithi ilikuja vipande vipande. "...nini? Mama, mvua... sikusi... ati niwape nini?"

"Wasile."

"Wale? Ndiyo, wanaanza sa..."

Simu ikakatika.

Wakiuru alitazama kioo cha simu. Hapo kando gari la Alpa liliwaka, likarudi nyuma kwa kishindo, mlango wa abiria ukafunguliwa likiwa bado linatembea. Wakiuru alilikimbilia, kidole kikibonyeza ile namba tena na tena, na kila mara mwanamke yule wa kwenye mtambo alimjibu kwa upole kwamba mteja aliyempigia hapatikani kwa sasa, na huko Tetu, chini ya paa la kituo cha maziwa, watu sitini wenye njaa walikuwa wanasema amina.